Kufuma na Kufumua: Uzi wa Rangi Katika Historia ya Pwani

Kitenzi cha Kiswahili *kufuma* kina kinyume chake, *kufumua*. Siku hizi hiki cha pili tunakisikia zaidi saluni, nywele zinapofumuliwa ili zisukwe upya, au katika magazeti yetu, ambako kila baraza la mawaziri linalobadilishwa huitwa "limefumuliwa". Wachache hukumbuka kwamba katika Pwani ya karne ya 16 kufumua ilikuwa kazi ya ufundi yenye soko, na kwamba iliwaingizia waliojishughulisha nayo dhahabu.

Habari hii tunaipata kwa Duarte Barbosa, karani wa Kireno aliyefanya kazi India na ambaye karibu na mwaka 1516 alikuwa ameandika maelezo yake ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi. Alipofika kuieleza Sofala, mji wa kusini uliokuwa mlango wa dhahabu ya Zimbabwe, alisimulia kwamba Waislamu wa mji ule walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kisha walikuwa wakichukua nguo za rangi zilizoletwa kutoka Cambay huko Gujarat, hasa za buluu, wakazifumua uzi mmoja mmoja, wakaukusanya upya, na kuufuma pamoja na uzi wao mweupe. Zikapatikana nguo za rangi ambazo si za Cambay wala si nyeupe za Sofala, nao wakaziuza bara kwa dhahabu.

Ndugu msomaji, tusipite haraka hapa. Nguo iliyofumwa Gujarat imepakiwa jahazini, imesafiri kwa msimu mzima wa pepo za kaskazi, imelipiwa ushuru na faida ya kila mkono iliopitia. Imefika, na mnunuzi wake haivai. Anaiharibu kwa makusudi. Anachokitaka si nguo, ni rangi iliyomo ndani ya uzi wake. Wanauchumi wetu wanaotufundisha kwamba Afrika siku zote imekuwa "soko la mwisho" la bidhaa za wengine wangefaa kueleza kitendo hiki kinaingia katika kundi gani.

Barbosa mwenyewe alitoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wa Sofala ama hawakujua kutia rangi ama hawakuwa na dawa zake; hakuamua ni ipi kati ya hizo. Naiona sehemu ya kwanza kuwa na shaka. Wanawake wa Pwani wametia rangi ukindu wa mikeka kwa vizazi vingi, na mtu awezaye kuutia rangi ukindu hashindwi na wazo la kuutia rangi uzi. Hata hivyo pamba ni mkaidi kuliko ukindu, na rangi ya nili ni mkaidi zaidi. Nili haiyeyuki katika maji ya kawaida. Huvundikwa katika mtungi hadi hewa iishe ndani ya maji, uzi huchovywa na kutoka ukiwa na rangi ya kijani-njano, kisha hugeuka buluu mbele ya macho ya mtu unapokutana na hewa. Ni elimu inayohitaji mmea, mitungi na ukoo wa mafundi. Gujarat ilikuwa navyo vyote vitatu. Kwa mfumaji wa Sofala, kununua rangi ikiwa tayari imekaa katika uzi ilikuwa hesabu nzuri ya biashara.

Sababu ya pili ya Barbosa ndiyo nzito, na ni ya kisiasa. Wareno walijenga ngome Sofala mwaka 1505. Kuanzia hapo walijaribu kuzizuia jahazi za Waswahili zilizokuwa zikileta nguo kutoka Kilwa, Mombasa na Malindi, ili bidhaa zote zipatikane katika ghala la mfalme wa Ureno peke yake na kwa bei yake. Barbosa anakiri kwamba watu wa Sofala waliuanza ufundi huu kama njia ya kujinusuru, walipoona biashara ya jahazi inaponyoka mikononi mwao. Kwa maneno mengine, kufumua kulikuwa jibu la ukiritimba. Aliyezuiwa kuleta nguo nyingi alijifunza kuzizidisha chache alizozipata: nguo moja ya buluu, ikifumuliwa na kuchanganywa na uzi mweupe wa nyumbani, hutia mistari katika nguo kadhaa.

Hapa inafaa kueleza jambo la ufundi, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika kanga na vitenge, na kanga imetuzoesha kufikiri kwamba rangi hupakwa juu ya nguo. Katika kanga na kitenge nguo hufumwa kwanza, ikiwa nyeupe, kisha hupigwa chapa. Kikoi ni jambo jingine. Mistari yake imo ndani ya nguo kwa sababu nyuzi zilitiwa rangi kabla ya kutandikwa. Mafundi wa sasa wanaofuma skafu kwa mkono wameisogeza kazi hii hatua moja zaidi, kwani uzi mmoja hupakwa kwa brashi rangi kadhaa, moja baada ya nyingine, kwa urefu wake wote. Kwa pamba, uzi hulowekwa katika maji ya magadi, hupakwa rangi, hufungwa kwenye plastiki ili usikauke, huachwa kwa takriban siku nzima ili rangi ishike, kisha husuuzwa. (Magadi hayo ni ndugu wa yale tunayoyajua jikoni, rangi zinazoshikana na pamba kwa njia hii ziliingia sokoni mwaka 1956.) Fundi anapoutandika uzi huo, rangi haziangukii pale alipopanga hasa. Huteleza, hukutana, hufifia. Mtande ukiwa wa rangi hizi na mshindio ukiwa wa rangi moja tulivu, skafu hupata mawimbi ambayo hayarudiwi mara ya pili. Mfumaji wa Sofala, aliyefumua nguo ya Cambay yenye rangi zaidi ya moja, bila shaka aliujua mshangao wa namna hiyo.

Sofala haikuwa peke yake. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyochimbwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilipatikana vigae vingi vya duara vilivyotobolewa katikati. Ni vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyochongwa ili viwe uzito wa kijiti cha kusokotea uzi. Vya namna hiyo vimepatikana pia katika miji mingine ya kale ya Pwani. Ni vitu duni kwa kuvitazama, navyo havipendezi katika kabati la makumbusho kando ya sahani za Uchina. Kwa maoni yangu vinasema mengi zaidi ya sahani hizo. Sahani inatuambia kwamba mtu wa Kilwa aliweza kununua. Kigae kile kinatuambia kwamba mtu wa Kilwa, pengine mwanamke ambaye jina lake halimo katika tarehe yoyote, alikuwa akitengeneza.

Tarehe ya Kilwa yenyewe, kama inavyofahamika, inadai kwamba mwanzilishi wa ufalme aliyetoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wanahistoria hawakichukui kisa hicho kuwa tukio halisi, wala sina haja ya kuwabishia. Lakini masimulizi yanatufunza kipimo cha thamani kilichotumika: watu walipotaka kueleza bei ya nchi, hawakutaja dhahabu, walitaja nguo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mogadishu na kuandika kwamba nguo zilizobeba jina la mji ule hazikuwa na mfano, na zilisafirishwa hadi Misri na kwingineko. Misri, nchi ya wafumaji tangu enzi za Mafarao, ilinunua nguo kutoka Mogadishu! Na Wareno wa safari ya kwanza ya Vasco da Gama walipotia nanga kisiwani Msumbiji mwaka 1498, waliwaona watu waliovaa nguo za pamba na kitani zenye mistari ya rangi mbalimbali, na vilemba vyenye mipaka ya hariri iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Mistari hiyo ya rangi ndiyo alama ya uzi uliotiwa rangi kabla ya kufumwa.

Kaskazini, Pate ilijipatia sifa kwa hariri. João dos Santos, padri wa shirika la Wadominikani aliyekaa upande huu wa Afrika tangu mwaka 1586 na kuchapisha kitabu chake Évora mwaka 1609, aliwataja wafumaji wake, na nguo za Pate zilitafutwa na wakubwa wa miji mingine. Pate haikufuga nondo wa hariri. Uzi ulitoka ng'ambo, ufundi na ladha vilikuwa vya nyumbani. Msamiati wetu bado unatunza mabaki ya ulimwengu ule: *deuli*, kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, *debwani*, nguo ya mistari iliyofaa kilemba, *mharuma*, shali ya rangi ya kuzungushia kichwa. Kamusi zinayahifadhi maneno haya kama kaburi linavyohifadhi jina. Ukiwauliza wanafunzi wa chuo kikuu leo maana ya *mtande* na *mshindio*, yaani nyuzi za urefu na nyuzi za upana, wengi watakutazama tu, ingawa hakuna hata mmoja aliyeingia darasani bila kuvivaa.

Nini kilitokea? Jibu la kawaida ni kwamba nguo za kiwandani zilikuja, zikawa rahisi, na ufumaji ukafa. Jibu hilo si la uongo, ila limeruka hatua iliyo ya maana kuliko zote. Kufuma si kazi inayokula muda mwingi zaidi. Kusokota ndiko kunakokula. Pamba huchumwa, hutolewa mbegu, huchambuliwa kwa kupigwa na uta, kisha husokotwa kwa kijiti kinachoning'inia, pima kwa pima. Kabla ya mashine, mfumaji mmoja aliyefanya kazi bila kukatizwa alihitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha uzi. Ndiyo maana hata Uingereza mapinduzi ya viwanda yalianzia kwenye uzi: mashine ya Arkwright ya mwaka 1769 ilikuwa ya kusokota, na mashine za kufuma zilikuja kutawala miongo mingi baadaye. Uzi ukishaporomoka bei, msokotaji wa mkono hana pa kusimama. Mfumaji bado anaweza kusimama kwa muda, lakini kuanzia hapo anasimama kwa hisani ya mwenye uzi.

Pwani yetu ilipigwa na wimbi hilo kwa jina la *merekani*. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, uliowapa wafanyabiashara wa nchi hiyo haki ya kuuza na kununua katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5 tu. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta majora ya pamba isiyopaushwa, ngumu na ya kuaminika, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo hiyo ilipenya bara hadi ikawa fedha. Mpagazi alilipwa kwayo, na chifu alidai hongo kwayo. Pamba yake ilichumwa na watumwa Weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Watu waliotolewa Afrika walilima pamba, pamba ikawa nguo, nguo ikarudi Afrika na kugharamia misafara ambayo baadhi yake ilirudi Pwani na watumwa wengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba ile, Manchester na Bombay zilichukua nafasi, na jina la merekani likabaki hata nguo ilipokuwa haitoki tena Marekani.

Sasa itazame Benadir, yaani Mogadishu, Marka na Barawa, mji wa mwisho ukiwa ni wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili. Pale ufumaji haukufa. Wanaume waliendelea kukaa kwenye mashimo ya vitanda vyao vya kufumia, na nguo ya mistari iitwayo *futa* ya Benadir ikaendelea kuvaliwa hadi karne ya 20. Kilichobadilika ni uzi. Kabla ya hapo pamba ya bonde la Shabelle ilisokotwa na wanawake majumbani. Baadaye uzi wa viwandani kutoka ng'ambo, tayari umesokotwa, ukachukua nafasi ya ule wa nyumbani. Wafumaji waliokoka kwa sababu walijua jambo ambalo Salem haikulijua: wateja wao walitaka mistari gani, ya upana gani, na rangi zipi kwa arusi na zipi kwa siku ya kawaida. Waliopoteza kazi kwanza walikuwa wake zao na mama zao. Historia ya viwanda inayohesabu vitanda vya kufumia tu itaandika kwamba Benadir ilishinda. Inayohesabu vijiti vya kusokotea itaandika vingine.

Bara nako kulikuwa na vitanda vya mfumi. Richard Burton, aliyefika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliukuta ufumaji wa pamba Unyamwezi na akaueleza. Ufipa iliendelea kufuma nguo zake nzito hadi zama za Wajerumani. Wajerumani hao hawakuwa na haja na nguo ya Ufipa. Viwanda vyao vilitaka pamba ghafi, ili viache kuitegemea ya Marekani, na wakawalazimisha watu wa kusini-mashariki kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida, kwa malipo duni. Mwezi Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wanakijiji wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ishara iliyofungua vita vya Maji Maji.

Tumekifundisha kitendo kile kama chuki dhidi ya kazi ya shuruti, na ndivyo kilivyokuwa. Lakini tukumbuke kilifanyika wapi. Kilifanyika nyuma ya Kilwa, mji ambao ardhi yake imejaa vigae vya kusokotea. Pamba haikuwa mgeni aliyeletwa na Wajerumani katika ukanda ule. Kigeni kilikuwa pamba inayoondoka kabla ya kuwa uzi.

Baada ya uhuru tulijaribu kuirudisha hatua iliyopotea. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1968, kilisokota, kilifuma na kupiga chapa chini ya paa moja, na Mwanza ikapata Mwatex. Sitasimulia upya namna viwanda hivyo vilivyodhoofika katika miaka ya 1980 na 1990. Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua habari ya umeme, vipuri, menejimenti, ubinafsishaji na mitumba. Jambo moja tu nalisisitiza. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inauzwa nje ikiwa pamba ghafi, na mjadala wetu wa sera huishia kwenye cherehani. Tunahesabu ajira za kushona. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 iliuimarisha mtazamo huo, kwa kuziruhusu nchi maskini kuuza nguo bila ushuru hata kama kitambaa chake kimetoka nchi ya tatu. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa mwenye kiwanda cha kushona, na ilikuwa sababu nzuri kwake ya kutojishughulisha na uzi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba sokoni ifikapo mwaka 2019. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzipitia upya nafasi zetu ndani ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru. Wapo walioiita Rwanda jasiri na wapo walioiona kuwa haikupiga hesabu. Mimi nilishangazwa na kitu kingine: katika kelele zote zile nilisikia habari za nguo kuukuu, nguo mpya, mafundi cherehani na haki ya maskini kuvaa. Habari za uzi sikuzisikia.

Kijana wa Arusha au Lamu anayefuma skafu kwa mkono na kuwauzia watalii, au mtandaoni, anaijua pengo hili bila kufundishwa na mhadhiri. Skafu yake haihitaji uzi mwingi. Gramu mia chache zinamtosha kwa kilemba cha kuzungusha mara mbili. Haogopi mitumba, kwa sababu mteja wake hatafuti nguo ya bei rahisi. Anachohitaji ni uzi mwembamba wa pamba, mweupe, uliosokotwa sawasawa, wa kupaka rangi zake mwenyewe kwa brashi. Auagize ng'ambo, au amwombe mwenye kiwanda amuuzie kilo tano wakati kiwanda kimezoea kuuza kwa tani. Fundi wa Sofala alipofungiwa mlango alikuwa na njia ya tatu. Sweta ya mtumba ya pamba, ikiwa mshono wake haukukatwa kwa mashine, hufumuka kuanzia ukosini hadi chini, uzi ukiwa mzima na rangi yake imo ndani.